Kioo Kipi? Uhakiki wa Istilahi za Kamera ya Nyuma katika Gari-nyumba

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi zilizotumiwa katika karatasi moja ya maelekezo ya kuchagua na kufunga kamera ya nyuma kwenye gari-nyumba, yaani gari lenye injini yake ambalo ndani mna vitanda, jiko na mara nyingi choo. Karatasi hiyo huuzwa pamoja na kamera, nayo imeandikwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mtengenezaji hatutamtaja, kwa kuwa nia yetu si kumshtaki mtu bali kupima maneno. Mfasiri anastahili shukrani, maana ametambua kwamba fundi wa Arusha au wa Nairobi ana haki ya kuelekezwa kwa lugha yake. Hata hivyo shukrani haiondoi wajibu wa kuhakiki.

Huenda msomaji akauliza: magari-nyumba ni mangapi katika nchi zetu hata tuyashughulikie? Ni kweli kwamba gari hili ni la Ulaya na Marekani zaidi. Lakini wako wasafiri wanaokuja nalo Afrika Mashariki kwa njia ya nchi kavu, na likiharibika hutengenezwa na mafundi wetu. Tena kamera yenyewe si ngeni, kwani magari mengi yaliyokwisha tumika yanayoingizwa Tanzania na Kenya kutoka Japani huja nayo. Istilahi tutakazozikubali kwa gari-nyumba ndizo zitakazotumika kwa lori, basi na gari dogo.

Yafaa pia tukumbuke kwamba kamera hii haikubuniwa kwa ajili ya anasa. Nyuma ya gari refu lisilo na dirisha pana eneo ambalo dereva halioni kabisa, hata vioo vyake vya pembeni viwe safi namna gani. Mtoto huweza kusimama hapo asionekane. Nchini Marekani vifo vya watoto waliogongwa na magari yanayorudi nyuma ndivyo vilivyoleta sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2008. Kutokana na sheria hiyo, kila gari jipya lenye uzito usiozidi kilo 4,536 lililotengenezwa kuanzia tarehe 1 Mei 2018 sharti limwonyeshe dereva eneo la nyuma lenye upana wa meta 3 hivi na urefu wa meta 6 hivi. Magari-nyumba makubwa hupita uzito huo, kwa hiyo mwenye gari huachiwa achague na kufunga mwenyewe. Hapo ndipo karatasi ya maelekezo inapochukua nafasi ya sheria, na neno lisilo wazi huweza kuleta madhara.

Jina la gari

Karatasi yaliita gari hili kwa majina matatu: karavani, nyumba-gari na gari-nyumba. Karavani halifai hapa. Neno hilo limekwisha zoeleka kwa kijumba cha magurudumu kisicho na injini, kinachovutwa na gari jingine. Tofauti hiyo yamhusu fundi moja kwa moja. Katika karavani waya wa kamera hauna budi kukatwa na kutiwa kiungio mahali gari na kijumba vinapokutana, ili viweze kuachana. Katika gari-nyumba waya hupita mfululizo toka nyuma hadi kwenye dashibodi. Fundi asomaye karavani atatafuta kiungio kisichokuwapo.

Baina ya nyumba-gari na gari-nyumba, kanuni ya Kiswahili ni kutanguliza neno linalotaja kitu chenyewe, kisha lifuate linalokifafanua. Garimoshi ni gari, si moshi. Batamzinga nalo huanza na neno bata. Basi kitu hiki nacho ni gari kwanza: lina namba, lina dereva, lapita barabarani. Kwa hiyo twaunga mkono gari-nyumba, na wingi wake uwe magari-nyumba.

Jina la kamera

Mfasiri ameandika kamera ya mwonekano wa upande wa nyuma. Istilahi ya maneno saba si istilahi, ni maelezo. Hakuna fundi atakayeitamka mara mbili kwa siku. Mitaani watu husema kamera ya nyuma au kamera ya rivasi, nasi twaona kwamba majina yote mawili yafaa, ila yasichukuliwe kuwa ni jina moja.

Sababu ni kwamba ziko dhana mbili. Kamera ya kwanza huwaka pale tu dereva anapotia gia ya rivasi. Hupata ishara yake kutoka kwenye waya wa taa ya rivasi. Kamera ya pili huwaka muda wote gari linapokwenda, ikifanya kazi ya kioo cha ndani ambacho katika gari-nyumba hakina faida, kwa kuwa dereva akikitazama huona kitanda na kabati. Hii ya pili hupata umeme wake kwenye waya unaoamka ufunguo unapozungushwa. Anayenunua asipoelezwa tofauti hii atanunua moja akidhani ni nyingine, na fundi ataunga waya mahali pasipofaa. Twapendekeza kamera ya nyuma liwe jina la jumla, na chini yake ziwepo kamera ya rivasi na kamera ya mwendo. Neno rivasi tusilionee haya. Limo vinywani mwa madereva wote, limeshika sauti za Kiswahili, na halina mpinzani.

Neno kioo

Sasa twafika kwenye kiini cha uhakiki huu. Katika ukurasa mmoja tu neno kioo limebeba maana tatu: kioo cha pembeni ambacho dereva hujitazamia nyuma, kioo cha mbele cha gari, na kile kidude kinachoonyesha picha. Hicho cha tatu kimeitwa pia skrini na kiwambo, bila mpango wowote. Si ajabu, kwa kuwa mtaani watu husema kioo cha simu kimevunjika. Lakini lugha ya mtaani huelewekana kwa sababu msemaji huweza kunyosha kidole. Karatasi haina kidole.

Tazama matokeo yake. Kamera inayoelekea nyuma ni kama mtu aliyempa dereva kisogo: mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa gari. Picha yake ikionyeshwa vivi hivi, mtoto aliye kulia mwa gari ataonekana kushoto mwa picha. Dereva amezoea vioo vya pembeni, ambavyo humwonyesha kilicho kulia kikiwa kulia. Kwa ajili hiyo kamera nyingi zina njia ya kubadilisha pande za picha, ama kwa kukata waya mdogo ama kwa kuchagua katika orodha iliyomo ndani ya chombo. Karatasi yamtaka fundi achague baina ya picha ya kioo na picha ya kawaida. Fundi aliyekwisha soma kwamba kioo ni kile kidude cha dashibodi hawezi kufahamu kwamba sasa kioo ni mfano tu. Naye akiona neno kawaida, ataona kwamba la kawaida ndilo la salama. Atachagua picha isiyobadilishwa, na dereva atakata usukani kuelekea kule kule anakotaka kukwepa.

Kosa hili halikutokana na ufinyu wa Kiswahili. Kiswahili kina maneno ya kutosha, ila yalihitaji kugawiwa kazi. Kwa chombo kinachoonyesha picha twapendekeza kiwambo peke yake. Asili yake ni ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, yaani uso ulionyoshwa juu ya fremu, nalo limekwisha ingia katika lugha ya runinga na kompyuta. Neno kioo libaki kwa kioo halisi, nalo lifuatwe na mahali pake: kioo cha pembeni, kioo cha ndani, kioo cha mbele.

Kwa picha, tutofautishe vitenzi viwili ambavyo karatasi imevichanganya. Mashua hupinduka, juu ikawa chini. Mtu hugeuka, kulia kwake kukawa kushoto. Basi kamera iliyofungwa miguu juu chini ya ukingo wa paa huhitaji picha iliyopinduliwa; kamera yoyote inayoelekea nyuma huhitaji picha iliyogeuzwa. Kila fundi atauelewa mgawanyo huu bila kamusi. Tena karatasi ingeongeza sentensi moja ya kupimia: mtu asimame nyuma, upande wa kulia wa gari, naye aonekane upande wa kulia wa kiwambo. Kipimo hicho kingeokoa hata pale istilahi inaposhindwa.

Hapa pana jambo jingine linalofanana na hilo. Karatasi yasema waya upitishwe upande wa dereva. Kwetu dereva hukaa kulia. Magari-nyumba mengi ya Ulaya bara huwa na usukani kushoto. Afadhali kusema kulia au kushoto kwa gari, mtu akielekea mbele.

Maji na namba mbili

Katika sehemu ya kuchagua, mfasiri ametumia isiyopenya maji kwa kamera zote. Asili yake, hata hivyo, ilikuwa na alama za viwango zenye tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi, na 6 ni kinga kamili. Ya pili yahusu maji: 7 maana yake chombo kimestahimili kuzamishwa katika kina cha meta 1 kwa dakika 30, 9 yenye herufi K maana yake kimestahimili maji ya moto yanayorushwa kwa nguvu kutoka karibu. Hizi si ngazi za jambo moja. Kamera yenye 7 peke yake haijathibitishwa kuvumilia mpira wa maji wa mahali pa kuoshea magari. Neno moja la Kiswahili limefuta tofauti ambayo mnunuzi alilipia. Twapendekeza kinga ya kuzamishwa na kinga ya maji ya nguvu, na tarakimu zenyewe ziachwe kama zilivyo.

Gundi au kalafati?

Ukuta wa nyuma wa gari-nyumba si bati moja. Mara nyingi ni tabaka mbili nyembamba, katikati yake mna povu gumu jepesi, na katika magari mengi mna fito za mbao. Fundi akiutoboa kwa keekee ili apitishe waya, amefungua mlango wa mvua. Maji yakiingia husambaa ndani ya ukuta na kuozesha mbao kwa muda mrefu kabla ya kuonekana. Karatasi yamwambia apake gundi. Lakini gundi ni kitu cha kushikisha, na nyingine hukauka zikawa ngumu. Kinachotakiwa hapa ni kitu cha kuziba, kinachobaki laini ili ukuta utikisikapo barabarani kisipasuke.

Dhana hii haihitaji kukopwa mbali. Mafundi wa majahazi wa mwambao hukalafati vyombo vyao: husukumiza pamba iliyoloweshwa mafuta katika nyufa za mbao ili maji yasiingie. Twaona kwamba kalafati ni neno lililo tayari kwa kazi hii mpya, maana kusudi ni lile lile, na bahari na mvua ni maji yale yale. Fundi akaambiwa: toboa, pitisha waya, kisha kalafati tundu pande zote.

Utingo na kamera

Mwishoni karatasi yaiita kamera utingo wa kisasa. Msemo huu unapendeza, nasi twatambua ustadi wa mfasiri. Ndio mahali pekee alipoandika kama mtu anayejua gereji. Lakini katika ukurasa wa maonyo msemo mtamu huweza kudanganya. Utingo husimama nyuma akaita rudi, rudi, kata kulia, simama. Huona tawi la mti lililo juu ya paa. Hupiga bodi kwa kiganja gari likasimama. Kamera haifanyi lolote katika hayo. Mistari ya rangi inayoonyesha umbali juu ya kiwambo hupimwa kwa ardhi iliyo sawa, na mahali pa mteremko hupotosha. Lenzi yenye matope haioni. Dereva aaminiye kwamba amepata utingo hatamtuma mwenzake ashuke. Kwa hiyo twashauri msemo huo uondolewe, na mahali pake paandikwe waziwazi kwamba kamera ni msaada wa macho tu.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunayoyapendekeza ni haya: gari-nyumba; kamera ya nyuma, na chini yake kamera ya rivasi na kamera ya mwendo; kiwambo; picha iliyogeuzwa na picha iliyopinduliwa; kinga ya kuzamishwa na kinga ya maji ya nguvu; kalafati.

Msomaji atatambua kwamba kati ya hayo hakuna neno lililoundwa upya kabisa. Yote yalikuwapo, mengine gereji, mengine pwani, mengine katika ngoma. Kazi ya mwenye kusanifu istilahi si kuongeza maneno kila mara. Mara nyingi ni kuyazuia yasifanye kazi mbili kwa wakati mmoja. Twaomba mafundi wa magari, madereva na walimu wa vyuo vya ufundi wayapime mapendekezo haya mbele ya gari lenyewe, kisha watuandikie. Pale watakapotupinga kwa hoja ya kazi, tutalibadili neno, kwa kuwa wao ndio watakaoshika waya.