Ngano katika Jumba la Sinema

Husemwa mara nyingi kwamba mji umeiua ngano. Bibi yuko kijijini, wajukuu wako ghorofani, na kati yao imesimama runinga. Sisi hatulikatai dai hilo moja kwa moja, ila twaona lina kasoro: lachukulia kwamba ngano ni maneno yake tu, kana kwamba mahali pa kutambia na watu waliohudhuria si sehemu ya fani. Kwa sababu hiyo yafaa tuichunguze kazi ya Mfaransa Michel Ocelot, aliyezaliwa mwaka 1943 na kuishi utotoni huko Conakry, Guinea. Mfululizo wake wa ngano za katuni kwa runinga, Ciné si, ulitoka mwaka 1989. Wa pili, Dragons et Princesses, ulifuata mwaka 2010.

Muundo wake ni mwepisi. Usiku, katika jumba dogo la sinema lililoachwa, hukutana mvulana, msichana na fundi mzee. Huulizana watambe nini leo. Huchagua nchi na zama, hujitafutia maarifa, hujibunia mavazi, kisha vijana wale wawili huingia mchezoni na kuwa wahusika wenyewe. Wote ni vivuli vyeusi mbele ya mwanga wa rangi, ufundi ambao Mjerumani Lotte Reiniger aliufikisha mbali katika filamu yake ndefu ya mwaka 1926.

Mtazamaji mwenye haraka ataiona sehemu hii ya utangulizi kuwa pambo. Sisi twaiona kuwa ndiyo kiini. Mtambaji wa kwetu akisema ‘paukwa’ hungoja hadhira iitikie ‘pakawa’; bila itikio hilo hana ruhusa ya kuendelea. Ocelot amelipata itikio hilo ndani ya jengo la mjini, tena bovu, lisilo na moto wa kuota wala mkeka. Mzee ana ujuzi, lakini ngano si mali yake peke yake. Vijana nao wana kauli.

Kuhusu maudhui, hebu tutazame hadithi moja tu, ile ya malkia katili wa mwaka 3000. Malkia huyu ana rada imwonyeshayo kila ajaribuye kujificha, na wachumba hufa mmoja baada ya mwingine. Katika mkusanyiko wa ndugu Grimm yumo binti mfalme mwenye madirisha 12 ayaonayo yote. Mifupa ya ngano ni ile ile. Madirisha yamekuwa mtambo, lakini hofu ya kuonwa na mtawala popote ulipo haikupungua. Bila shaka mkazi wa mji wa leo anaielewa zaidi kuliko mchungaji wa kondoo wa zamani. Hapo mwandishi hakumvika mfalme wa kale suruali ya kisasa ili achekeshe. Amelitafuta jambo ambalo mji umelizidisha.

Hata hivyo kazi hii ina upungufu, na hatuna budi kuusema. Afrika Magharibi inapotokea, katika ngano ya mvulana mpiga ngoma, ni kijiji. Ngano yenyewe ni tamu: ngoma ya ajabu huwachezesha watu wapende wasipende, maadui wakiwamo. Lakini aliyekulia Conakry, mji wa bandari, angeweza kutupa Mwafrika wa barabarani.

Wala hatuna haki ya kumlaumu yeye peke yake. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, waeleza kwa nini tembo ana mkonga na mengineyo ya wanyama. Rangi zake zapendeza mno, na watoto wetu waliupenda kwa haki. Lakini mtindo ule wa uchoraji ulizaliwa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, akawauzia wapita njia. Sanaa ya mji, ikachorwa tena na vijana wa mji mwingine, na mandhari yake ni mbuga. Tembo amepata mkonga wake; kijana aliyemchora, akishuka jioni kutoka studioni na kupanda matatu, bado hana ngano.