Injini Isiyotulia

Gari likiwa mwendoni huficha mengi. Upepo, matairi, redio na kasi yenyewe hufunika kasoro ndogo za injini. Lisimame kwenye foleni ya Buguruni, mguu ukiwa kwenye breki, na injini haina pa kujificha: usukani unatetemeka, kioo cha ndani kinacheza, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka. Mafundi wa Dar es Salaam husema gari halitulii sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Mwingine akisikiliza kidogo atasema linatembea na plagi tatu. Kutafuta chanzo cha mtetemo huo ndiko ninakokuheshimu kuliko kazi nyingine zote za gereji, na ndiko tunakokulipa kidogo kuliko zote.

Chukua injini ya 1NZ-FE, ile ya lita moja na nusu iliyomo kwenye Toyota IST na Probox nyingi za mitaani kwetu. Ikishapata joto, bila kukanyagwa mafuta, huzunguka takriban mara 700 kwa dakika. Kila silinda huwasha mafuta mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo silinda zote nne huwasha mara 1,400 kwa dakika, zaidi ya 23 kwa sekunde, kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Moja ikikosa moto, pengo hujirudia karibu mara sita kila sekunde. Kiganja kilichozoea hulihisi pengo hilo kupitia bodi ya gari. Na huitambua pia maunti iliyochoka, ile raba inayoshikilia injini, kwa sababu hapo gari zima hutikisika ilhali mlio wa injini umenyooka.

Swali la kwanza la fundi makini halihitaji kifaa chochote: ukikanyaga mafuta kidogo, tatizo linakwisha? Jibu lake hubeba mengi. Injini ikiwa sailensa, throtoli imekaribia kufunga kabisa na hewa inayoingia ni kidogo mno. Mpira wa hewa uliopasuka au gasketi ya manifoldi iliyokauka ikipitisha hewa pembeni, hewa hiyo ya wizi huwa sehemu kubwa ya inayovutwa, na uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, kwa uzito, huharibika. Ukikanyaga mafuta, throtoli inafunguka, hewa halali inajaa, na ule wizi hauonekani tena. Kama gari linakosa nguvu hata kwenye mlima, likikatakata likibebeshwa mzigo, fundi huacha mipira na kuelekea kwenye moto: koili na plagi.

Hapo huchomoa plagi ya umeme ya koili moja, anasikiliza, anairudisha, anahamia ya pili. Silinda iliyo hai ikizimwa, injini hulegea papo hapo. Akifika kwenye iliyokufa, mlio haubadiliki hata kidogo. Ameipata silinda, ila hajaupata ugonjwa, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokimbilia dukani. Aliye makini huzima gari, huhamisha koili ya silinda hiyo, tuseme ya tatu, na kuipeleka ya pili, kisha huwasha tena. Ugonjwa ukihama na koili, basi koili ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, koili haina hatia na mwenye gari ameokoa fedha zake kwa kazi ya dakika chache.

Kisha hufungua plagi na kuisoma. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu husema silinda ni nzima. Masizi meusi makavu husema petroli inazidi au moto haukuwaka. Unyevu wa oili kwenye ncha humpeleka kwenye pistoni na sili za valvu, lakini oili ikiwa imejaa juu, kwenye shimo la plagi, humrudisha kwenye gasketi ya tapeti kava, ambayo ni kazi ndogo na ya bei tofauti kabisa. Kuna watu wameambiwa injini imekufa kwa sababu tu hakuna aliyetazama oili iko upande gani.

Mashine ya kupimia ina nafasi yake. Ikitoa namba P0303, imetaja silinda ya tatu kuwa inakosa moto. Ikitoa P0171, imesema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Haijasema kwa nini. Koili, plagi, nozeli au valvu isiyofunga vizuri, yoyote kati ya hizo inaweza kuleta P0303. Anayesoma namba hiyo na kuagiza koili nne anabahatisha kwa fedha za mteja, na akichelewa, petroli isiyoungua inaendelea kumwagika kwenye ekzosi na kuunguza masega yanayosafisha moshi.

Wenye magari nasi tuna sehemu yetu. Koili mpya ndani ya boksi tunailipia haraka, kwa kuwa inashikika. Fundi akitumia saa nzima kusikiliza, kuhamisha na kupima, mwisho akabadilisha kipande cha mpira cha bei ndogo, tunamuuliza amefanya nini hasa. Saa ile ndiyo kazi. Mpira angeweza kuubadilisha mtoto wa gereji.

Na fundi wa namna hiyo hakabidhi ufunguo mara mtetemo unapokwisha. Huacha injini ipate joto hadi feni iwake yenyewe. Huwasha taa kubwa, huwasha AC, huweka gia kwenye D huku amekanyaga breki, kwa kuwa mizigo hiyo midogo ndiyo inayoisumbua injini iliyotengenezwa nusu. Akiona mshale umezama kidogo na kurudi mahali pake, anafunga boneti. Ukianza kucheza, anazima, anachukua bisibisi, anarudi kwenye silinda ya kwanza.