Kosa la Makusudi Ndani ya Wendelstein 7-X

Plazima ya kwanza ya Wendelstein 7-X iliwashwa Desemba 10, 2015, mjini Greifswald, Ujerumani. Kazi iliyonivutia zaidi ilifanyika miezi kadhaa kabla, chombo kikiwa bado kitupu. Stelarata hii, yaani mtambo wa utafiti wa myungano wa nyuklia unaoshikilia plazima kwa uga wa sumaku, ina koili 70, na 50 kati yake zimepindwa kwa namna ambayo jicho hushindwa kuifuata. Umbo la uga wa sumaku hutegemea koili hizo. Moja ikikaa kombo, uga nao huenda kombo.

Wapimaji wa Taasisi ya Max Planck walirusha mwale mwembamba wa elektroni ndani ya ombwe. Elektroni hufuata mstari wa uga, zikauzunguka mtambo mara nyingi. Fimbo iliyopakwa unga unaong'aa ilipitishwa njiani mwao. Kila zilipoigonga palitokea nukta ya mwanga, na kamera iliyoachwa wazi ikazikusanya. Nukta zikachora tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa.

Uga ukiwa na kasoro, tabaka hukatika na kuwa visiwa. Upana wa kisiwa hufuata kipeuo cha pili cha kasoro: ipunguze kasoro mara 100, kisiwa kitapungua mara 10 tu. Kwa plazima, jambo hilo ni balaa, kwa mpimaji ni neema. Basi wakapanga mikondo ya koili ili mstari wa uga urudi ulikoanzia baada ya mizunguko miwili, hali inayokuza hata kasoro ndogo sana. Kikaonekana kisiwa cha takriban sentimita 4.

Hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo. Kwa koili tano za kurekebisha zilizo nje ya mtambo, waliongeza kosa la makusudi, wakawa wanaligeuza uelekeo hatua kwa hatua. Makosa mawili yalipokubaliana, kisiwa kilipanuka, yalipopingana, kilisinyaa. Kutokana na tofauti hiyo wakakokotoa kasoro ya asili: chini ya sehemu 1 kwa 100,000 ya uga wote.

Visiwa vingine, vilivyokusudiwa tangu usanifu, vilionekana vimesogea sentimita chache. Hilo halikuwa kosa la ufungaji. Koili zikipitisha umeme husukumana na kupinda kidogo, na hesabu za mpindo huo zililingana na picha.

Koili zilezile tano zilitumika baadaye kusawazisha joto linaloangukia sehemu kumi za ukuta zinazolipokea.