Kumsifu Mpanga Ratiba

Katika jumba dogo la sinema lenye ukumbi mmoja, kazi nzito kuliko zote hufanyika mezani, wiki nyingi kabla taa hazijazimwa. Mtu ana karatasi yenye mraba mmoja kwa kila usiku wa mwezi ujao, na katika kila mraba hana budi kuandika jina la filamu. Akishamaliza, karatasi hubandikwa mlangoni. Wapita njia huisoma kwa kudonoadonoa: huyu anatafuta ya Jumamosi, yule anaangalia kama kuna ya watoto, mwingine ananakili saa ya onyesho na kwenda zake. Jina la aliyeipanga halimo. Sifa hizi ni zake. Naamini kazi yake ni ufundi kamili, wenye maarifa yake, subira yake na uthubutu wake, na kwamba ufundi huo ukikosekana, jumba la sinema hubaki ukumbi wa kukodisha viti.

Jumba kubwa lenye kumbi sita au kumi haliuhitaji sana ufundi huu. Filamu mpya ya studio kubwa hufika pamoja na masharti yake: ionyeshwe kwa wiki kadhaa, mara kadhaa kwa siku, katika ukumbi mpana. Jumba dogo halipati filamu hiyo siku ya kwanza, pengine halipati kabisa. Lililonalo ni zaidi ya miaka 125 ya sinema, kutoka kila nchi iliyowahi kushika kamera, na usiku thelathini tu wa kuionyesha.

Kuna mambo ya uendeshaji ambayo mtazamaji hayaoni. Kila filamu ina mwenye haki, na lazima apatikane. Filamu ya mwaka jana ina msambazaji anayepokea simu. Ya mwaka 1966 huenda kampuni iliyoitengeneza imeshakufa, haki zimegawanyika kwa warithi, na nakala nzuri iko kwenye hifadhi ya nchi nyingine. Ada hulipwa kwa kiasi kilichopatanwa, au kwa fungu la mapato ya mlangoni, au kwa vyote viwili. Siku hizi nakala huja kama faili ndani ya diski, na mara nyingi faili hilo hufunguka kwa siku zilizokubaliwa tu. Ikija kwenye mkanda wa milimita 35, huja katika mikebe mizito, kila mkanda ukiwa wa dakika zipatazo 20, na hapo anahitajika fundi wa mashine anayejua kuunganisha mmoja na mwingine bila ukumbi kustuka. Kisha kuna maandishi ya tafsiri: yapo kwa lugha gani, na watu wetu wanaisoma? Kisha urefu. Filamu ya saa tatu ikianza saa mbili usiku itakwisha saa tano, na mwenye kutegemea daladala atanyanyuka kabla ya mwisho. Mpanga ratiba mzuri huijua saa ya daladala ya mwisho kama anavyoyajua majina ya waongozaji.

Lakini hesabu hizo hata karani makini angeziweza. Ufundi wenyewe uko katika kujua filamu gani ikae kando ya ipi.

Karne moja iliyopita, mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov aliuchukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, picha ile ile isiyobadilika, akaiunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke aliyejilaza. Kwa masimulizi yaliyotufikia, watazamaji waliona njaa, wakaona majonzi, wakaona ashiki, na uso ulikuwa mmoja. Wanaohariri filamu wameishi kwa somo hilo tangu wakati huo. Mpanga ratiba analichukua somo lile lile na kulipeleka mbali zaidi: badala ya picha kando ya picha, anaweka filamu nzima kando ya filamu nzima, usiku kando ya usiku. Aliyewahi kufunga kikuba ananielewa. Asumini pekee ina harufu yake, rehani ina yake, mkadi una wake. Vikifungwa pamoja hutoka harufu ya nne, na mfungaji ndiye aliyeijua kabla haijakuwepo.

Nichukue mfano ambao mimi mwenyewe ningeupanga. Mwaka 1963 Ousmane Sembène wa Senegal alitengeneza Borom Sarret, filamu ya dakika zipatazo 20, juu ya mwenye gari la kukokotwa na farasi mjini Dakar. Anaamka, anasali, anatoka kutafuta riziki. Anabeba watu ambao hawamlipi. Anabeba maiti ya mtoto mchanga hadi makaburini, na baba wa mtoto anakataliwa kwa sababu karatasi zake hazikukamilika. Kidogo alichopata anampa msifu-nasaba anayeimba utukufu wa mababu zake. Mwishoni abiria mmoja aliyevaa vizuri anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wenye nazo, ambako magari kama lake hayaruhusiwi. Askari anamkamata, na gari linachukuliwa. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamwachia mtoto na kutoka, akisema kwamba jioni watakula.

Miaka 15 kabla yake, Vittorio De Sica alikuwa ametengeneza Ladri di biciclette, dakika 89, kule Roma. Antonio amepata kazi kwa sharti la kuwa na baiskeli. Mkewe Maria anaweka rehani mashuka ya kitandani ili baiskeli ikombolewe. Kazi yenyewe ni kubandika mabango ya sinema ukutani. Siku ya kwanza tu, akiwa juu ya ngazi anabandika bango la filamu ya Rita Hayworth, baiskeli inaibwa. Siku inayofuata anazunguka mji mzima na mwanawe mdogo, Bruno, wakiitafuta, hadi yeye mwenyewe anajaribu kuiba ya mtu na kukamatwa mbele ya mtoto.

Zionyeshe siku mbili tofauti, utakuwa umeonyesha filamu mbili nzuri. Ziweke usiku mmoja, na magurudumu yale yaliyopotea yanaanza kusemezana. Swali la ufundi ni ipi itangulie. Ikitangulia ya De Sica, wengi wataiona ya Sembène kama mwangwi wa sinema ya Ulaya uliofika Afrika kwa kuchelewa, na hiyo ni dhuluma. Ikitangulia ya Sembène, mtazamaji anaingia Roma akiwa na macho ya Dakar. Anamtazama Mtaliano yule kama jirani, anaona kwamba serikali, kanisa na chama vinamsikiliza Antonio kwa sikio lile lile ambalo ofisa wa makaburini alimsikilizia baba wa marehemu. Ningeitanguliza ya Sembène bila kusita. Na ningeziweka Jumatano, siku ya katikati ya juma, ili msukuma mkokoteni wa Kariakoo na dereva wa bodaboda, ambao mwisho wa juma ndio wakati wao wa kazi nyingi, wapate nafasi ya kuja.

Huo ni uamuzi mmoja, wa usiku mmoja. Mpanga ratiba anafanya wa namna hiyo mwezi mzima, mwaka mzima.

Paris ilikuwa na bingwa wa ufundi huu, Henri Langlois, aliyeanzisha hifadhi ya filamu ya Cinémathèque française mwaka 1936 pamoja na Georges Franju na Jean Mitry. Mwaka 1948 hifadhi hiyo ilifungua ukumbi katika avenue de Messine wenye viti takriban 60. Langlois alionyesha filamu tatu kila jioni, akichanganya nchi, miaka na aina bila kuomba radhi: filamu bubu ya kale ikafuatwa na ya Kimarekani ya majambazi, nyingine za kigeni zikiwa hazina hata tafsiri. Vijana waliojazana mle, wengine wakikaa chini, walikuwa François Truffaut, Jean-Luc Godard, Jacques Rivette na Éric Rohmer. Hawakuwa na chuo kingine cha sinema kilichowafunza kiasi hicho. Serikali ilipojaribu kumwondoa Langlois Februari 1968, watengenezaji filamu waliingia barabarani kumtetea, na kufikia Aprili alikuwa amerudishwa. Napenda kukumbuka kwamba kilichowatoa watu hao ndani kilikuwa, kwa sehemu kubwa, deni la ratiba.

Hata hivyo anayenigusa zaidi ni Amos Vogel. Alizaliwa Vienna mwaka 1921, Myahudi, akalazimika kukimbia nchi yake baada ya Wanazi kuingia mwaka 1938. Mwaka 1947, yeye na mkewe Marcia walianzisha Cinema 16 mjini New York, jina lililotokana na mkanda wa milimita 16. Onyesho lao la kwanza, katika ukumbi mdogo wa Provincetown Playhouse, liliweka pamoja ngoma ya Martha Graham, filamu ya kisayansi juu ya nyani na binadamu, na majaribio ya wasanii ambao hakuna jumba la biashara lingewagusa. Sheria ya jimbo ilitaka kila filamu ipite kwa wakaguzi. Vogel akaligeuza jumba kuwa klabu ya wanachama, kwa kuwa klabu haikubanwa na sheria hiyo. Mwanachama alilipia msimu mzima kwa mkupuo, na kwa hiyo alikuja pia kutazama asichokichagua.

Hapo ndipo Vogel alipopata uhuru wake, na akautumia kwa uaminifu. Aliandika maelezo ya kila onyesho, akachanganya upasuaji wa kitabibu na ushairi wa picha, katuni na maombolezo. Yeye aliyenusurika aliwaonyesha wanachama hata filamu za propaganda za Wanazi, pamoja na maelezo, ili waone kwa macho yao jinsi chuki inavyotengenezwa. Klabu ilikua hadi wanachama 7,000, ikahamia ukumbi wa viti 1,600. Ilifungwa mwaka 1963 kwa uhaba wa fedha, na mwaka huo huo Vogel akashiriki kuanzisha tamasha la filamu la New York. Alipofariki mwaka 2012 alikuwa ameacha nyuma kizazi kizima cha watu waliojifunza kwake kwamba mtazamaji hapaswi kudharauliwa.

Pwani yetu nayo iliujua ufundi huu. Katika miaka ya 1950 Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilikuwa na majumba ya sinema ya wafanyabiashara wa hapa hapa, wengi wenye asili ya Kihindi. Waliagiza filamu za Bombay, za Cairo na za Hollywood, wakazipanga kwa kuwasoma watu wao: Jumapili picha ya Kihindi ya kutazamwa na jamaa nzima, sikukuu ya Idi picha mpya iliyosubiriwa, na maonyesho ya wanawake peke yao kwa wale ambao wasingekaa ukumbi mmoja na wanaume. Mojawapo ya picha hizo za Kihindi, Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, inauliza kama mtoto wa mwizi lazima naye awe mwizi, ama ni malezi yanayomfanya hivyo. Ni swali la barazani kabisa, na barazani ndiko lilikokwenda.

Majumba mengi ya wakati huo yamefungwa au yamegeuzwa maghala na maduka. Ufundi wa kupanga haukufa wote. Nje ya kibanda cha video bado kuna ubao wa chaki, na mwenye kibanda anajua saa gani aweke ya ngumi iliyotafsiriwa, saa gani aiachie nafasi mechi. Kikundi cha Ajabu Ajabu, Dar es Salaam, kimekuwa kikiirudisha kwa watazamaji Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya mwaka 2001 ambayo Watanzania wengi hawajawahi kuiona. Na tangu 1998 Zanzibar ina tamasha lake la filamu, ZIFF, pale Ngome Kongwe. Nalipenda tamasha hilo, lakini tamasha ni neema ya siku chache. Watazamaji hujengwa na ratiba ya kila juma, ile inayorudi hata mvua ikinyesha na viti vikabaki vitupu, kwa sababu aliyeipanga anaamini kwamba waliokuja leo watakuja na wenzao juma lijalo.

Kwa hiyo nawaomba wenye kumbi. Shule, vyuo, vituo vya utamaduni, hata mwenye kibanda anayeweza kutoa Jumatano moja: mteueni mtu mmoja anayependa filamu, mpeni mwezi mzima, mwacheni achague, kisha andikeni jina lake chini ya ratiba. Tafuteni ruhusa za wenye haki mapema. Borom Sarret na Ladri di biciclette kwa pamoja hazifiki saa mbili, na daladala ya mwisho itakuwa bado haijaondoka. Anzeni nazo.