Pongezi kwa Mwalimu wa Saluni

Wapo wanaosema urembo ni majivuno, hivyo mwalimu wa ususi hana la kujivunia parokiani. Pierre Toussaint anawajibu. Alizaliwa mtumwa Haiti, akawa msusi mashuhuri New York, akihudhuria Misa kila siku. Kipato cha nywele kikakomboa watumwa na kulea yatima. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mheshimiwa. Ndiyo maana nampongeza kwa moyo wote mwalimu anayewafundisha mabinti, mwaka baada ya mwaka, kupima dawa isiunguze ngozi, kusafisha vitana na kutunza siri za mteja, kisha akawahi jumuiya. Majivuno yapo, sikatai, lakini binti mwenye ufundi huo hulipa kodi yake mwenyewe.