Mistari ya Nkubu

Ukingo wa juu wa ramani ya Nkubu, karatasi namba 122/1 ya kipimo cha 1:50,000, ni Ikweta yenyewe. Mji wa Meru uko ng'ambo, kwenye karatasi nyingine, na hesabu za gridi hugeuka papo hapo. Kaskazini zinaanza sifuri na kupanda. Kusini zinaanza mita 10,000,000 na kupungua kuelekea Chuka.

Kazi ya kuchora ramani hizi ilianzia angani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege za jeshi la Uingereza zilipiga picha maeneo makubwa ya Afrika, na idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa mwaka 1946 chini ya Martin Hotine ikazigeuza kuwa ramani. Picha mbili zinazopishana kwa takriban asilimia 60 zikitazamwa pamoja kwa lenzi mbili, milima huinuka na mabonde huzama. Mchoraji hushika kimo kimoja na kukifuata kwa mstari wa kontua, kilima hadi kilima, bila kukiacha. Uvumilivu huo unastahili sifa zaidi ya tunazoupa.

Na hakuna mahali unapoonekana vizuri kama mashariki ya Mlima Kenya. Thuci, Nithi, Mutonga: kila mto umechimba korongo lake, na kontua husongamana pande zote mbili, kisha hupinda zikielekeza ncha mlimani. Dereva wa barabara ya Embu–Meru anaijua mistari hiyo kwa breki. Mteremko wa daraja la Nithi, ambako ajali zimeua watu wengi, umeandikwa wazi kwa wino wa kahawia.

Picha, hata hivyo, haina majina. Lazima mtu atembee, aulize wenyeji mto huu unaitwaje, kilima kile ni cha nani, kisha aandike alivyosikia. Hao waliojibu hawatajwi popote pambizoni.

Huku chini, katika nchi kavu ya Mbeere, thamani ya matoleo ya zamani ya ramani ni kubwa zaidi, kwa sababu ya mabwawa ya mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Karatasi iliyochorwa kabla ya hapo inaonyesha Tana ikipita kwenye bonde lake, kabla maji hayajalifunika. Nakala za karatasi hizo zisibaki Nairobi tu. Maktaba za Embu na Meru nazo ziwe nazo, ambako mwanafunzi wa jiografia anaweza kuzilinganisha na mto anaouvuka kila siku.