UTHIBITISHO AU USHAHIDI? TAMTHILIA YA PROOF NA JUKWAA LA KISWAHILI

Tamthilia ya David Auburn, Proof, ilionyeshwa New York kwa mara ya kwanza mwaka 2000, ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2001, na mwaka 2025 ikatangazwa kwamba ingerudishwa Broadway. Kurudi huko kwazusha swali: je, mchezo wa wanahisabati na mapenzi yao waweza kusimama kwa Kiswahili?

Catherine, mwenye umri wa miaka 25, amemuuguza babake Robert, mwanahisabati mashuhuri wa Chicago aliyerukwa na akili, hadi kufa kwake. Hal, aliyekuwa mwanafunzi wa marehemu, anapekua madaftari 103. Wawili hao wanapendana, na Catherine anampa ufunguo wa mtoto wa meza uliofungwa. Mna daftari lenye uthibitisho mpya kuhusu namba tasa. Catherine anaposema kuwa yeye ndiye mwandishi, wala Hal wala dada yake Claire hamsadiki.

Huenda ikadhaniwa kwamba kikwazo cha mfasiri ni istilahi. Muhuru Bay, katika Kaunti ya Migori, yaonyesha vingine. Mji huo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria uko karibu na mpaka wa Tanzania. Ng'ambo ya mpaka, shule za msingi za serikali hufundisha hisabati kwa Kiswahili, na namba tasa ni neno la darasani. Upande wa Kenya, mwanafunzi huijua dhana iyo hiyo kwa Kiingereza. Istilahi zipo, lililopungua ni mazoea. Zaidi ya hayo, Auburn haielezi hisabati yenyewe jukwaani. Anachoonyesha ni watu wanaoidai au kuitilia shaka.

Ugumu halisi uko katika jina la mchezo. Tafsiri ya "Ushahidi" ingepotosha dhamira, kwa kuwa ushahidi humhitaji shahidi, na Catherine hana shahidi. Daftari lake lapaswa kujisimamia. "Uthibitisho" wafaa zaidi, tena waongeza maana isiyopatikana katika Kiingereza: shina lake ni lile la thabiti, neno linalomsifu mpenzi asiyeyumba. Kwa jina hilo kosa la Hal ladhihirika. Yeye hawi thabiti kwa Catherine mpaka wataalamu wenzake waikague kazi na kuona kwamba imethibitika. Anarudi na habari njema, lakini amechelewa.

Mchezo una upungufu: Claire amechorwa kijuujuu, kana kwamba kazi yake ni kupinga tu. Hata hivyo suala la mwanamke asiyeaminiwa limejengwa vyema. Catherine anamtaja Sophie Germain, Mfaransa aliyemwandikia Gauss kwa jina la mwanamume. Msichana wa Muhuru Bay anayefaulu hisabati hahitaji kufafanuliwa kisa hicho.

Mfasiri atakayeishika kazi hii na aanze, basi, na thabiti. Namba tasa zimekwisha kupata jina.